Nani Alitoa Thelathini na Mbili

Nyasubi, Kahama
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Leokadia,

Mambo ya sabuni, ya chandarua, ya kutoacha sanduku peke yake behewani, nimeyaandika kwenye karatasi nyingine. Iko juu ya begi lako, nimeigandamiza kwa kopo la karanga. Hiyo utaisoma njiani. Haya ninayoandika hapa hayahusu usafi wala wanaume wa Dar es Salaam. Hao utawaona mwenyewe.

Nakuandikia kwa sababu nimekukasirikia, na sitaki kesho upande treni pale Isaka huku nimekukasirikia na wewe hujui.

Jumapili iliyopita tulipokuaga hapa uani, watu wa jumuiya wamejaa kwenye mikeka, katekista alikuuliza hicho kichwa cha fizikia umekitoa wapi. Ukajibu, “Kwa baba. Mama akishika hesabu, kijiji kizima kinakosa tumbaku.” Watu wakacheka. Baba yako akacheka, akakupigapiga begani. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la wali, nikacheka pia, maana ndivyo ninavyofanya siku zote hadithi hiyo ikitajwa. Kisha nikaingia jikoni, nikakaa juu ya gunia la mkaa. Wewe ulikuja kuchukua vijiko ukaniuliza kama nimechoka. Nikasema ndiyo.

Najua hukukusudia ubaya. Hadithi hiyo umeikuta nyumbani kama ulivyolikuta kabati la vyombo. Lakini uliniuma, Kadia, na uliniuma kuliko alivyoniuma aliyeitunga, kwa sababu kwake nilishazoea.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Ulikuwa na miezi minane. Tulikaa Ushetu, baba yako akiwa bwana shamba wa tumbaku, kijana mwembamba mwenye baiskeli ya serikali. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masista, na pale kijijini hapakuwa na mwanamke mwingine aliyefika huko. Alasiri nilifundisha hesabu darasa la watu wazima, ndani ya ghala la kijiji. Wanafunzi wangu walikuwa ishirini na kitu, wengi wao wanawake walionizidi umri, wanakuja na vibao na watoto mgongoni. Waliniita Mwalimu. Hujawahi kusikia mtu akiniita hivyo, au siyo?

Baba yako alijua kazi yake. Alikuwa akishika jani anakwambia lina njaa ya nini. Ila hesabu ilimtoa jasho. Akirudi na makaratasi ya ofisi anayaweka mezani, anasema, “Mama Kadia, hebu nitazamie haya.” Nami ninatazama. Nilimfanyia makadirio ya mbolea, ya kuni, ya ukubwa wa mabani, yaani vile vijumba vya udongo vya kukaushia tumbaku, ambavyo joto huingizwa ndani kwa mabomba ya bati kutoka tanuri lililo nje. Yeye alinakili kwa mwandiko wake, akatia sahihi, akapeleka. Haikunisumbua. Nilijiona mjanja, kwamba ofisi nzima inaendeshwa na mtu anayenyonyesha. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na nililifanya kwa furaha.

Mwaka ule ndio vipimo vilibadilishwa. Vipimajoto vya zamani vya Farenhaiti vilikusanywa kwenye gunia vikaondolewa, tukaletewa vya Sentigredi. Vijitabu navyo vikabadilika. Siku moja baba yako aliingia na kijitabu kipya mkononi, amekunja uso. Akasema, “Zamani kupasha hewa kulikuwa sifuri nukta mbili nne. Humu wanasema elfu moja na tano. Hewa ya siku hizi imekuwa sugu?” Nilicheka mpaka ukaamka. Nikamkalisha, nikamwambia hewa ni ileile. Zamani walichukua pauni moja ya hewa wakaipandisha digrii moja ya Farenhaiti, sasa wanachukua kilo moja wanaipandisha digrii moja ya Sentigredi, na hilo joto lenyewe wanalipima kwa jouli, ambazo ni ndogo, kwa hiyo zinakuwa nyingi. Alinisikiliza mdomo umeachama kidogo, kama mtoto anayesimuliwa. Nilimpenda sana siku ile. Nisipolisema hilo utaisoma barua hii vibaya.

Baada ya hapo ikaja ratiba ya moto. Ile ya zamani ilisema hivi: anza na nyuzi tisini na tano mpaka jani ligeuke njano, kisha ongeza nyuzi arobaini na tano, polepole, mpaka jani likauke. Wakulima wa zamani wa kule walizoea kuhesabu kwa nyongeza. Bani hili kipimajoto kimening'inizwa juu, lile kiko chini karibu na mlango, kwa hiyo namba ya mwisho hawakuihangaikia sana. Waliangalia wameongeza ngapi tangu njano ilipokamilika. Ratiba hiyo ndiyo nilitakiwa kuigeuza iwe ya Sentigredi.

Tisini na tano nikatoa thelathini na mbili, nikazidisha kwa tano, nikagawanya kwa tisa, nikapata thelathini na tano. Arobaini na tano ya nyongeza sikuitoa kitu. Nikazidisha kwa tano, nikagawanya kwa tisa, nikapata ishirini na tano. Basi: anza na thelathini na tano, ongeza ishirini na tano. Nilitumia dakika chache tu, wewe uko mapajani unavuta kalamu.

Asubuhi yake baba yako akaisoma ile karatasi huku anakunywa chai. Akanyanyua kichwa.

“Hapa chini umesahau kutoa thelathini na mbili.”

“Sijasahau. Hapo haitolewi.”

“Mbona juu umetoa?”

“Juu ni kipimo. Chini ni ongezeko.”

“Mama Kadia, digrii ni digrii. Juu utoe, chini usitoe, utawachanganya watu.”

Nikamwambia, ukitoka kwenye nguzo ya maili thelathini ukafika nguzo ya maili arobaini, umetembea maili kumi, hata kama walianza kuhesabia Bombay. Thelathini na mbili ni pale walipoanzia kuhesabu. Ukichukua kipimo kimoja ukatoa kingine, pale walipoanzia pameshajifuta penyewe. Akasikiliza, lakini safari hii mdomo ulikuwa umefungwa. Akasema, “Mimi ndiye nitakayesimama mbele ya watu, si wewe.”

Nawe ukaanza kulia, maziwa yalikuwa yanachemka yanataka kumwagika, nikasema, “Haya, fanya unavyotaka.”

Hilo ni kosa langu la pili, Kadia, na ndilo ninaloliota mpaka leo. Sikulisema kwa hasira wala kwa hofu. Nililisema kwa sababu ya maziwa.

Akatoa. Arobaini na tano toa thelathini na mbili, zinabaki kumi na tatu, mara tano gawa kwa tisa, saba na kidogo. Akaandika ubaoni pale ghalani, kwa chaki, herufi kubwa nzuri: anza thelathini na tano, ongeza saba. Alasiri nilipokwenda kufundisha darasa langu niliikuta. Nilikuwa na chaki mkononi na kifutio kiko pale. Nilifundisha kugawanya kwa tarakimu mbili mbele ya ubao ule, nikaiacha.

Nilijiambia watakaoishi na moto watagundua. Lakini wengi walikuwa wageni wa zao lile, wamehamishiwa kijijini mwaka uliotangulia, msimu wao wa kwanza. Waliamini ubao. Kati ya waliowasha moto wiki ile, aliyekuwa na uzoefu ni Mama Shija, mama mmoja mjane aliyehamia kutoka Kishapu zamani, mtu wa misimu mingi ya tumbaku. Siku ya pili ya moto baba yako alipita kukagua, nami nilikuwa nimemfuata na wewe mgongoni kwa sababu nilikuwa naenda kuchota maji upande uleule. Mama Shija alifungua mlango wa bani, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa.

“Bwana shamba, hili bani limepoa.”

“Kipimo kinasomaje?”

“Arobaini na mbili.”

“Basi ndiyo ratiba. Usiongeze kuni. Ukizidisha utababua jani.”

“Mimi mkono wangu unakataa.”

“Mama, mkono si kipimo.”

Mama Shija akanitazama. Alikuwa mwanafunzi wangu, alikaa mstari wa mbele. Mimi nikatazama ndoo.

Tumbaku iliyogeuka njano ikanyimwa joto haikauki. Inakaa na maji yake inaendelea kubadilika, njano inakuwa kahawia, kahawia inakuwa madoa meusi, na ukikunja jani linanuka. Mabani kumi na moja yalikuwa yamewashwa wiki ile, na yote kumi na moja yalitoa kitu ambacho mpimaji wa madaraja alikisukuma kwa mguu. Nimewaona wanaume wazima wamekaa chini mbele ya mlango wa bani.

Wakubwa wakaja kutoka mkoani, ukaitishwa mkutano palepale ghalani. Mmoja wao akasimama karibu na ubao, akafanya hesabu kwa sauti, akauliza, “Nani alifanya hii?” Nikamtazama baba yako. Sikuwa na wasiwasi, naapa. Nilidhani atasema amekosea, tutaaibika, tutarudi nyumbani, na labda atahamishwa. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza tutafunga vipi mizigo.

Baba yako akasimama. Akasema, “Kwa kweli mheshimiwa, siku ile nilibanwa na kazi za shamba. Hesabu nilimwachia mke wangu.”

Hakunitazama alipokuwa anasema. Hakuwa ameniambia kabla. Angeniambia kabla, angekuja usiku uliotangulia akasema mke wangu, nifiche, nadhani ningemficha, na ingekuwa siri ya watu wawili. Alichofanya ni kunitupa huko mbele ya watu mia mbili, nimekubeba mgongoni, akatumaini sitaanguka kwa kelele.

Kila uso ukageuka. Karatasi yangu, ile yenye ishirini na tano, ilikuwa nyumbani ndani ya kitabu cha sala, mwendo wa dakika tano. Ningeweza kusema ngojeni. Yule mkubwa akaniuliza kwa upole kabisa, “Ni kweli, mama?” Nikasema, “Ni kweli nilifanya hesabu.” Unaona maneno yalivyo? Sikusema uongo. Mpaka leo sijui nilimwogopa nani. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili.

Njiani kurudi tukafika kwenye mashamba. Nikamwuliza, “Kwa nini?” Akasema, “Ningefanyaje? Mimi wangenifukuza kazi. Wewe huna kazi ya kufukuzwa.”

Mwanangu, nimetukanwa katika maisha yangu, na nimefiwa, lakini hakuna neno lililonikaa kifuani kama hilo. Kwa sababu kesho yake alasiri nilibeba chaki zangu nikaenda ghalani, nikafuta ubao, nikangoja. Hakuja mtu. Siku iliyofuata hakuja mtu. Siku ya tatu alikuja kijana mmoja kurudisha kibao cha mama yake, akakiacha mlangoni. Hata kuingia hakuingia. Kwa hiyo nilikuwa na kazi, na nilifukuzwa.

Baba yako hakuwahi kuomba radhi. Alikuwa mwema kwangu kwa miezi kadhaa, alichota maji, alikubeba hadharani, jambo ambalo wanaume wa kule hawakufanya. Nilidhani anajiandaa kusema. Kumbe alikuwa anasubiri nisahau. Tulipohamia hapa Kahama akaanza kuisimulia kwa wageni kama kichekesho. Mara ya kwanza nilimkazia macho. Mara ya pili nilicheka ili iishe haraka. Baada ya hapo ikawa desturi, yeye anasimulia, mimi nacheka, mnakula. Nadhani sasa anaamini mwenyewe. Ukiisema hadithi miaka kumi na minane na mwenye kuijua anakuchekea, utaachaje kuiamini?

Mama Shija nilimkuta hapa sokoni Nyasubi, wewe ukiwa darasa la pili. Alikuwa amezeeka ghafla, anauza karanga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunyanyua uso. Nikachuchumaa nikamweleza yote, ubao, karatasi, maneno ya baba yako. Nilikuwa nalia. Nilidhani nampa zawadi, kwamba sasa atajua aliyemponza ni nani.

Akaendelea kupanga mafungu yake ya karanga. Akasema, “Nilijua. Mkono wangu ulishaniambia. Na wewe ndiye uliyenifundisha kugawanya, ningeshindwaje kujua kuwa saba si yako?”

Nikamwuliza, sasa kwa nini hukusema mkutanoni?

“Mimi niseme? Mimi si mwenye hesabu. Nilikuwa nakungoja wewe. Siku ile pale kwenye bani nilikutazama, ukatazama ndoo.”

Hakusema kwa ukali. Akanifungia karanga nilizokuwa sijaomba, akakataa nisilipe. Nilirudi nyumbani nimezishika mkononi. Miaka yote nilikuwa nimejihesabu kuwa mimi ndiye niliyesalitiwa, basi, imekwisha. Na ni kweli nilisalitiwa. Lakini yule mama alikuwa na haki ya kunihesabu mimi pamoja na baba yako, kwenye mstari mmoja. Sijamwambia mtu hilo mpaka leo.

Sasa tuje kwako.

Desemba ulipokuwa likizo uliacha daftari lako mezani ukaenda kwaya. Nilikuwa nachambua maharage. Usishangae, mimi vitabu vyako nimevisoma vyote. Kila ulipokuwa shuleni nilivifungua, mchana, nyumba ikiwa kimya. Sista wetu alitufundisha joto kwa pampu ya baiskeli yake. Aliziba tundu kwa kidole, akasukuma, akatuambia tushike chuma kilivyokuwa cha moto. Lakini kwamba hewa ina joto mahsusi la aina mbili, moja ukiiacha itanuke na jingine ukiifungia, hilo nimejifunza kwenye kitabu chako cha kidato cha tano, nikiwa na wewe binti wa miaka kumi na saba.

Swali lilikuwa la hewa kilo mbili ndani ya chombo kilichofungwa, kutoka nyuzi ishirini na saba kwenda mia moja ishirini na saba, joto kiasi gani. Nikaona umechukua elfu moja na tano, ile ya hewa inayoachwa itanuke. Nikasema moyoni, si kitu, amesahau kuwa chombo kimefungwa, angechukua mia saba kumi na nane. Hewa iliyofungiwa haina kazi ya kujitanua, kwa hiyo joto dogo linatosha kuipandisha. Kosa la kila mtu. Halafu nikaona mstari uliofuata. Tofauti ya joto ulikuwa umeipata vizuri, mia moja. Kisha ukajumlisha mia mbili sabini na tatu. Ukaandika mia tatu sabini na tatu, eti lazima iwe Kelvini.

Niliuacha ule ungo. Kadia, hiyo ndiyo thelathini na mbili ya baba yako. Imevaa nguo nyingine tu. Mia mbili sabini na tatu nayo ni pale walipoanzia kuhesabu. Ukiwa unagawanya joto kwa joto, au unatafuta kanieneo, lazima uiweke, usipoiweka utapata upuuzi. Ukiwa unatafuta limepanda kwa kiasi gani, imeshajifuta. Miaka kumi na minane baadaye, ndani ya nyumba yangu, kwenye mwandiko wa binti yangu.

Nikachukua penseli. Nikakata ile mia tatu sabini na tatu, nikaandika mia moja. Nikakata elfu moja na tano. Pembeni nikaandika kwa herufi ndogo, “Chombo kimefungwa. Tofauti haiongezwi kitu.” Jibu likawa laki moja arobaini na tatu elfu na mia sita, jouli. Nikarudi kwenye maharage, moyo unanidunda kama msichana aliyeandikiwa barua.

Ulirudi, ukaona. Ukaenda moja kwa moja kwa baba yako aliyekuwa sebuleni anasikiliza redio. Nilikusikia: “Baba, asante. Nisingeliona kabisa. Umelijuaje?”

Nikangoja. Nilijiambia, hapa hakuna mkubwa wa mkoa, hakuna kazi ya kupoteza, ni mtoto wake tu na penseli. Akapunguza sauti ya redio. Kisha akasema, “Uwe makini, mwanangu. Mambo ya nyuzi yana mitego.”

Ndiyo maana sikukwambia siku ileile. Ile ya ghalani alikuwa kijana anaogopa, nimejitahidi kuielewa, na kuna siku naielewa. Hii ya Desemba hakulazimishwa na mtu. Alichukua sifa yangu kwa sababu ilikuwa karibu.

Utasema, mama, kwa nini usiniambie tu kwa mdomo? Kwa sababu ningeanza kulia ungenifariji, na nisingemaliza. Na usiniamini kwa kuwa mimi ni mama yako, nimeshaona watu walivyopotea kwa kuamini mtu badala ya hesabu. Namba zote nimekuwekea humu. Chukua karatasi, zifanye mwenyewe.

Huko uendako utakuwa na wavulana wengi na wewe, labda wasichana wawili au watatu. Watakuomba uwatazamie. Watazamie, kwa nini usiwatazamie, ni raha kutazama, mimi naijua hiyo raha. Ila ukiona mtu amegeuza kazi yako ikawa mbaya, usiseme haya fanya unavyotaka. Mimi nimelisema mara moja tu.

Nilikuwa nimefika hapo, nimeshafikiria namna ya kuaga, baba yako akaingia. Jua lilikuwa linazama. Akauliza ninaandika nini kirefu hivyo. Nilikuwa na nafasi ya kusema ni orodha ya vitu. Nikampa.

Ameisoma amesimama, karibu na dirisha, kurasa zote. Alipofika mahali fulani alivuta kiti akakaa. Sijui ni mahali gani. Wewe ulikuwa unaoga, nilikuwa nasikia maji. Alipomaliza alizipanga karatasi vizuri, kingo kwa kingo, akazirudisha mbele yangu.

Akasema, “Hiyo ya Desemba ungeiacha.”

Nikamwambia, “Ghalani niandike, Desemba niiache?”

“Ile ya ghalani ni ya zamani. Hii ananikumbuka nayo.”

Nilitamani nimwonee huruma, na kusema kweli nilimwonea kidogo, mabega yake yalikuwa yameshuka. Nilikuwa nimedhani siku hii ikifika nitafurahi. Sikufurahi. Akasema, “Mpe kesho. Mimi nitatoka alfajiri na baiskeli, nina safari ya Ushetu. Mpe nikishaondoka.”

Hana safari ya Ushetu, Kadia. Jana alikwenda kukuombea nafasi kwenye gari la Isaka, akajiombea na yeye. Anataka kesho nisimame pale kituoni, wewe unamtafuta kwa macho, unaniuliza baba yuko wapi, nami niseme amebanwa na kazi za shamba.

Sitasema. Na barua hii sitaingoja kesho. Nimesikia umetoka bafuni, unaimba ule wimbo wa kwaya huku unafunga sanduku. Nakuja kukupa mkononi sasa hivi, wakati baba yako bado yuko sebuleni na hajavua viatu. Isome yote. Ukimaliza, njoo ukae nasi, umuulize yeye, mimi nikiwepo.

Mama yako,
Veronika